Nimeficha funguo ya basi ili mume wangu asiende kuondoa matanga

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Wanaonifahamu wakisoma watahisi tu, lakini angalau wasiwe na uhakika.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, Mrundi. Kiswahili nilikipatia kambini Tanzania na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie. Naishi na mume wangu na watoto katika mji mdogo kaskazini ya Stockholm, kule treni zinakopita kwenda uwanja wa ndege wa Arlanda. Mume wangu ana basi dogo. Kwetu huku mwenye basi hana Jumamosi yake. Harusi ni yeye, kwaya ni yeye, mgeni wa uwanja wa ndege ni yeye, na msiba ndiyo kabisa.

Kila mwaka baridi ikianza, watu wetu wanaumia barabarani. Zamani nilidhani ni theluji nyingi. Hapana, theluji nyingi watu wanaiogopa. Siku mbaya ni ile barabara inaonekana safi, nyeusi, kumbe imevaa kioo. Redioni wanasema halka, yaani utelezi wa barafu, na jirani yangu Mswidi anaahirisha hata daktari wa meno. Sisi tukisikia mwenzetu kaanguka, ndiyo kwanza tunavaa makoti tunaingia kwenye gari.

Mwaka huu alianza kijana wa kwaya. Aliteleza na gari kwenye mzunguko wa barabara hapa karibu na kwetu, akavunjika mguu. Jioni hiyohiyo rafiki wa mume wangu, nimwite Baba Gloria, akatoka kwake Norsborg, kusini ya Stockholm, kuja kumwona hospitali. Hakufika. Gari lilipinduka darajani, akafa palepale. Huyu ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii. Aliwaonyesha watoto wangu jinsi ya kuvaa suruali mbili.

Basi tukaenda kumlilia, wote, hali ya hewa ileile. Gari la mbele yetu likazunguka kama mtoto anayecheza, likagonga kingo. Ndani kulikuwa na dada mmoja kapakata sufuria ya maharage ya msiba. Nilimshika mimi. Mkono wake ulikuwa umekaa vibaya, na maharage yamemwagika kwenye barafu yanatoa mvuke. Mama wa ambulensi akauliza, "Mlikuwa mnakwenda wapi siku kama hii?" Binti yangu mkubwa akamjibu kwa Kiswidi kwamba tunakwenda kwa mtu aliyekufa kwa ajali. Mama akauliza, na huyo aliyekufa alikuwa anakwenda wapi? Kumwona mtu aliyepata ajali. Yule mama akaendelea kumfunga dada yule mkono.

Tangu siku ile nikipika naona ule mvuke.

Sasa Jumamosi hii ni kuondoa matanga. Redio imesema itanyesha mvua inayoganda ikigusa lami. Mume wangu ameahidi kubeba kwaya na wamama wazee, na binti yangu ni mwimbaji. Nikamwambia, "Baba, tumpigie Mama Gloria, tusogeze wiki moja."

"Msiba unasogezwa? Ni mkutano wa wapangaji?"

Binti akaingilia kwa Kiswidi chake, kwamba tupande treni.

"Na masufuria? Na wazee? Msibani huendi na treni kama mtalii."

"Pappa, Waswidi wenyewe watakaa nyumbani."

"Ndiyo maana wakifa wanazikwa na watu sita," akasema. Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Matairi ya baridi ninayo, na Mungu ninaye."

Nikaona maneno hayatoshi. Alipoingia kuoga nikachukua funguo ya basi, nikaifukia ndani ya ndoo ya unga wa muhogo. Ile nyingine ilishapotea tangu mwaka jana. Ametafuta chini ya makochi, ametafuta kwenye viatu vya watoto. Na mimi natafuta naye, Mungu anisamehe, nimeinama naangalia chini ya meza.

Nilidhani atakata tamaa. Leo asubuhi nimemsikia kwenye simu akiongea na mwenzake wa Hagsätra. Amepata gari la kuazima. Ninalijua lile gari, kuukuu, lina matairi ya kiangazi mpaka leo, yamelika laini kama kiganja. Nikamuuliza kama atawabeba watu na matairi yale. Akasema, "Nitaendesha polepole. Siwezi kukosa. Baba Gloria alikufa akija kwetu huku, nami nishindwe kwenda kwake kwa sababu ya funguo?"

Na mimi nakumbuka mama yangu alipofariki Burundi na sikuweza kwenda kuzika. Ilikuwa Januari. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za jengo, makoti yao yana theluji, wakaniimbia mpaka nikalala. Sikumuuliza hata mmoja amefikaje.

Sasa ndugu zangu, nikitoa funguo, nimewapandisha mume wangu na mtoto wangu kwenye barabara ile kwa mkono wangu, na atajua nilimdanganya. Nikiificha, wanakwenda na gari baya zaidi, na hilo pia ni mkono wangu. Nikimpigia mjane nimwombe asogeze, watasema mke wa fulani amemkatalia maiti heshima, na siku yangu ikifika ngazi zitakuwa tupu.

Leo ni Alhamisi. Unga umebaki kidogo, na kesho ni zamu ya binti yangu kupika. Nyie mnaojua msiba na mnaoijua barafu hii, niambieni kabla hajaingiza mkono kwenye ndoo, nifanye nini?