Barasa, nilikutayarisha kwa kuamka tu

Bado nakataa. Nimeona picha yako kwenye group ya kazini, ile ya suti ya kijivu, na maneno ya pole yamejaa chini yake, na bado nakataa.

Kwa wasiomjua: Barasa alikuwa fundi wa lifti kwenye jengo letu Westlands. Mimi niko reception. Ukikwama kati ya floor mbili, ni yeye alikutoa, na ulitoka ukicheka.

Alifariki Jumanne akifanyiwa operesheni ya moyo. Na ni mimi niliyemshawishi aende.

Miaka michache iliyopita mimi pia nilipasuliwa kifua, nikabadilishiwa valve ya moyo. Kwa hivyo daktari alipomwambia zamu yake imefika, alikuja moja kwa moja kwa desk yangu. "Mama Tasha, niambie ukweli. Kuko aje huko?"

Jamani, nilijiona mtaalamu!

Mtu anayepanda juu ya lifti gizani bila wasiwasi alikuwa anaogopa kulazwa usingizi. "Si kisu, Mama Tasha. Ni kuzimwa. Mtu anakuzima, halafu anabaki na switch." Nilimcheka hadi visitors wakageuka.

Nilimweleza kila kitu. Kwamba ataamka na mpira wa kupumulia kooni, hataweza kuongea, asipanic. Kwamba kiu itamtesa. Kwamba kukohoa kutamuuma vibaya sana.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda kwao Uthiru. Tulifanya mazoezi ya kukohoa, yeye amekumbatia mto kifuani vile nilivyofunzwa hospitali. Mkewe, Nanjala, alicheka mpaka akaunguza chapati.

Nanjala alipotoka kuanua nguo, Barasa aliniangalia. "Na nisipoamka?"

"Shindwe! Hayo maneno hatukiri hapa." Nikavuta kola ya blauzi nikamwonyesha kovu. "Si mimi niko? Niliamka, na wewe utaamka."

Aliuliza tena kazini, akija kuchukua funguo za chumba cha mashine. Nikamwambia akileta hiyo topic tena hapati funguo. Alicheka kidogo, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Kwa hivyo nyinyi mnaoniandikia inbox eti nilimpa moyo, eti "you did your best", tafadhali acheni. Sikufanya hivyo. Nilikuwa naogopa jibu, nikajificha nyuma ya imani na mzaha.

Jana kwenye matanga Nanjala alinivuta hadi jikoni. "Kila nikitaka tuongee alikuwa anasema hataki kunishtua, eti hayo ataongea na wewe. Sasa niambie, Mama Tasha. Aliniachia neno gani?"

Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe. Nikamwambia ukweli: hakuna neno, kwa sababu sikumwacha aseme.

Hakunifokea. Alichukua ile sinia mkononi mwangu akaenda kuwapa wageni chai. Heri angenifokea.

Barasa, kuna kitu nilikuficha. Asubuhi ya operesheni yangu, dada yangu alikaa kando ya kitanda nikamwambia yote. Nani amlee Tasha. Mama aambiwe nini. Nililia kamasi zikatoka, na hakunikemea hata kidogo. Alinishika mkono tu, akawa anasema, "Nasikia. Endelea."

Hiyo ndiyo ilinitayarisha. Niliingia theatre nikiwa mwepesi, kwa sababu nilikuwa nimeshaaga.

Wewe nilikuona unatafuta mtu wa kumuaga, nikakufunga mdomo. Halafu nikajiita rafiki. Nisamehe, ndugu yangu, ingawa najua huwezi kunijibu.

Pumzika, Barasa. Lala mahali ambapo hakuna mtu wa kukukatiza.