Mkindu wa Kutoka Sirisia

Kwetu Sirisia mikindu ilijiotea yenyewe kando ya mto, na hakuna aliyewahi kuimwagilia maji. Tulipomaliza kumzika mama, kaka yangu aliing'oa karibu yote apande miwa. Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka. Kisha nikachimbua mche mmoja uliobaki, nikaufunga kwa gunia, nikaja nao hapa Kitale.

Baridi ya huku haichezi na mtu. Mwezi wa saba, asubuhi, umande wa hapa unauma vidole vya miguu, na mkindu haupendi mambo hayo. Niliupanda nyuma ya jikoni, mahali ukuta unaposhika jua. Jioni naufunika gunia, asubuhi naufunua. Jirani yangu, mama ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba huku, alinichungulia juu ya ua.

"Mama, si ungepanda avokado bana. Sasa hiyo utakula nini?"

"Nitakula kwa macho," nikamjibu.

Sikumwambia ukweli. Mume wangu alishatangulia, watoto wako Nairobi, na siku nyingine jua linatua sijatamka neno ila kwa ule mti. Nilikuwa naugombeza: wewe, unakua ama unanitegea? Upweke ni ugonjwa, na anayeucheka hajaugua. Lakini ulikua, bana. Majani yakanifika kifuani.

Habari zikafika kwenye jumuia yetu ya kanisa. Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Matawi, akina mama wakaja kuomba majani. Tangu matanga ya mume wangu viti vya nyumba hii havikuwahi kujaa. Siku hiyo vilijaa, wengine wakaketi kwenye ngazi. Tulikunywa chai, tukala viazi vitamu, tukamsengenya katekista. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Majani ya nje niliwapa bila kinyongo. Ila ile misalaba midogo ya kusuka inataka jani changa, lile jeupe la katikati ambalo bado limejikunja. Mwenyekiti wetu, mtu aliyezaliwa kwenye mahindi na hajui mkindu ni nini, alishika kisu akaniuliza, "Mama, na hili la katikati?"

Mkindu mchanga, kabla haujatoa machipukizi pembeni, una moyo mmoja tu. Si mgomba huo. Ukiukata hapo, umeuua. Nilijua hivyo tangu utotoni, maana mama alituchapa kwa kosa hilo. Niliwatazama wenzangu wakibishana msalaba wa nani ulipinda mwaka jana, na mmoja ananiuliza kama sufuria bado ina chai.

"Kata," nikasema.

Kisu kiliingia mpaka chini. Walikaa hadi magharibi.

Mahindi ya majirani yalipoanza kuchomoza, jani la mwisho la mkindu wangu lilikuwa limekauka. Nilipolivuta lilitoka lote, limeoza shinani. Nililia kama siku ya mazishi ya mama, sioni haya kusema.

Binti yangu alipopiga simu nilimweleza. Akaja juu. "Mama, huo ndio ulikuwa umebaki wa kwa nyanya. Si ungewakataza tu?"

"Ningewakataza," nikamwambia, "wangeenda."