Nilitundika shabaha ya chuma Mugunga, watu wakaja na masufuria

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikusimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Goma, na mashine yangu ya kuchomelea ni shahidi.

Mimi ni fundi wa vyuma, mtaa wa Ndosho. Vita vilikuwa vimekaribia mji, na kambi ya Mugunga ilijaa watu waliokimbia vijiji vyao.

Siku moja komanda fulani akaja gereji. Anataka shabaha ya chuma, askari wake wajifunze kulenga. Ili nisimtoroke, akabeba mashine yangu. Akasema atanirudishia mashine iwapo shabaha itamaliza wiki bila kuanguka.

Mashine ile ndiyo inalisha watoto wangu sita. Sikubishana.

Uwanja wao ulikuwa nyuma tu ya kambi, kwenye shimo la mawe ya volkano. Msiniulize nani alichagua pale.

Mara ya kwanza nilitundika kwa kamba. Vipande vya risasi vikaikata asubuhi ile ile. Nikaweka waya, nao ukakatika. Komanda akaanza kunitazama kama mbuzi wa Noeli.

Mara ya tatu nikatuliza akili. Bamba gumu la tingatinga lililokufa, minyororo miwili ya lori, bolti nene, na uso wa bamba umeinama kidogo mbele ili vipande virukie chini. Nilijisikia fundi kweli.

Askari wa kwanza akapiga. Ngaaa! Sauti ikatembea mpaka kambini.

Sasa wakuu, kengele ya kambi ile ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti. Ikigongwa, chakula kimefika.

Hazikupita dakika kumi, watu kama mia mbili wakashuka shimoni na masufuria, magunia na bidoni za mafuta. Wakapanga mstari mzuri kabisa, wajawazito mbele, kadi za mgao mkononi. Mstari ulianzia kwenye shabaha yangu.

Komanda akasimamisha mazoezi, akanigeukia mimi, eti nimewaita. Nikaiaga mashine moyoni.

Askari mmoja akapiga hewani kuwatawanya. Hakuna aliyekimbia. Wa nyuma wakasogea mbele, wakidhani mstari umeanza kutembea.

Nikamwendea mama aliyekuwa wa kwanza, mtoto mgongoni. Nikamwambia hapa wanapiga risasi, mtakufa.

"Masasi tulishaizoeya, papa," akanijibu. "Kengele njo hatujasikia tangu wiki mbili."

Niliona aibu, ingawa sijui aibu ya nani.

Walipoona hakuna gari la chakula, wakarudi kambini na masufuria matupu. Nikakata tairi kuukuu, nikabana mpira nyuma ya bamba na kwenye bolti. Tangu hapo likipigwa linasema "pu" tu, watu wakabaki kambini. Wiki ikaisha, shabaha iko juu, mashine nikarudishiwa.

Funzo: tumia mnyororo, achana na kamba. Inamisha uso, weka mpira. Na kabla ya kutundika chuma popote, waulize majirani wanaitwa kwa sauti gani.

Mafundi wenzangu, mwenye njia bora kuliko mpira aiweke hapa chini. Na mliowahi kukaa kambini, semeni yenu.

Mimi kila nikipita barabara ya Sake, kando ya kambi, natega sikio. Ile rimu ya kambi nayo iko kimya, na haikufungwa mpira.