Gari Lenye Adabu

Nikiwasha gari langu dogo la mtumba kutoka Japani, sauti ya mwanamke husema maneno ya Kijapani nisiyoyaelewa, nami kwa mawazo narudi utotoni, Kilimatinde.

Mama alinunua la aina hiyo kwa mshahara wa ualimu. Bibi akagoma kupanda: "Hili dogo litatutupa kwenye kona." Mama akawasha. Sauti ikasema.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akaitikia. Akakaza kanga, akapanda. "Kumbe lina adabu."

Tukaondoka kuelekea Manyoni, gari likikata kona kwa wepesi wa mbuzi, Bibi akicheka na upepo wa dirishani: "Mwache akimbie!"

Leo asubuhi nimewasha gari. Sauti imesema.

"Marahaba, mwanangu," nimeitikia, ndipo nikaondoka.