Jicho la Mkwe Getini

Shule niliishia darasa la nne, lakini kamera ya nje nilifunga mwenyewe, fundi alibaki kunishangaa. Muuzaji wa Tarime mjini alitaka kunipa ya waya. Nikamwambia kwangu kijijini Gorong'a nataka ya sola, inayotumia laini ya simu. Nikaipachika kwenye nguzo, ikatazama geti.

Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu mchanga, mimi nilikuwa dukani kwangu mjini, nikamwona getini kupitia simu yangu. Sisi Wakurya, mkwe na mama mkwe hawatazamani, ila nilidhani kwenye simu haihesabiki. Nikabonyeza kitufe cha kuongea, sauti ikatokea kwenye kamera: "Shikamoo mama! Karibu!"

Akajifunika uso kwa kanga, akarudi nyuma hadi barabarani.

Mke wangu akanipigia. "Baba watoto, umemtundikia mama macho getini? Anataka kurudi kwake bila kumshika mtoto!"

Lakini mimi nilichagua kamera inayozunguka! Nikaigeuza kwa kidole kwenye simu mpaka ikatazama zizi. Nikasikia kupitia kamera sauti ya mama mkwe akipita: "Mwambie mumeo aendelee kuchunga ng'ombe wake. Mimi naingia."