Wiki ya Mafuta na Mbio za Kasulu

Kila mwaka mvua zinapokata, zile siku ambazo Kibondo inaamka na baridi ya kung'ata vidole na mchana vumbi jekundu linapanda mpaka kwenye kope, mimi huchukua kisufuria kidogo nikapasha mafuta ya ufuta juu ya mkaa. Yananukia kama karanga zilizoanza kuungua. Harufu hiyo ikinifika puani nasahau umri wangu wote. Narudi kuwa mtoto wa darasa la tano, nimevaa kaptula kuukuu ya kaka, nimesimama juu ya gunia uani kwetu, nalia kwamba sitaki kupakwa.

Mama yangu ni mtu wa Tanga. Serikali ilimleta Kibondo kufundisha sekondari, akaolewa na baba, Muha wa Kasulu, akabaki moja kwa moja. Kati ya vyote alivyokuja navyo, kilichotutesa sisi watoto ni desturi ya Mama Kanta. Huyu Mama Kanta alikuwa mjane wa Kihindi, jirani yao kule Tanga, na mama alikulia jikoni kwake kama alivyokulia kwao. Alimfundisha kwamba mwili nao huhama msimu, na kwamba usipousafisha wakati unahama, unaingia kiangazi na uzito wote wa masika. Mama Kanta aliita elimu hiyo ayurveda. Sisi tuliita wiki ya mafuta.

Niwaeleze ilivyokuwa, mnionee huruma. Asubuhi kabla ya lolote, ulimi ulikwanguliwa kwa kijiko. Ukafuata kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi na bizari nyembamba, ukanywa huku mama anakutazama koo linavyopanda na kushuka. Halafu mafuta, kuanzia utosini hadi nyayo, ukae nayo juani mpaka ngozi iyanywe, ndipo uoge maji ya uvuguvugu na unga wa choroko badala ya sabuni. Chakula kilikuwa mseto, mchele na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalegea, na samli kidogo juu. Hakuna nyama, hakuna pilipili, hakuna kiporo, na jua likizama hakuna kutafuna. Choroko Kibondo zilikuwa za kutafuta, kwa hiyo baba alizileta kutoka soko la Kasulu kila alipokwenda kusalimia kwao. Nadhani njia nzima alikuwa akiomba azikose.

Bibi, mama yake baba, tuliishi naye. Kwake yeye chakula ni ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mtu aliyeshiba ni yule anayeinuka kwa kujishika magoti. Wiki ya mafuta ilimkera kuliko panya kwenye ghala. Alikuwa akileta kigoda chake uani, anakaa, anamtazama mama akitupaka.

"Mama Zawadi," alikuwa akisema, "mtoto mzima unampikia chakula cha mgonjwa? Na hayo mafuta, unataka kumkaanga?"

"Ni siku chache tu, mama," mama alimjibu kwa adabu zake zote za pwani, mikono yake ikiendelea na kazi.

Hawakugombana hata siku moja. Lakini nyumba nzima ilijua kwamba kuna kesi na hukumu bado.

Sasa mwaka huo nilikuwa nakimbia. Sijisifu, mkitaka waulizeni niliosoma nao: katika shule yetu hapakuwa na msichana wa kuniacha. Tulikuwa tumechaguliwa kwenda Kasulu kwenye mashindano ya shule za msingi, nami nilipewa kukimbia wa mwisho kwenye mbio za kupokezana vijiti. Nililala nikiota kijiti, nikaamka nikiwa nimekishika kijiko. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipogundua kwamba safari ya Kasulu imeangukia ndani ya wiki ya mafuta.

Nililia. Niliomba wiki isogezwe mbele. Mama alisema msimu haumsubiri mtu, na kwamba mwili mwepesi hukimbia. Mwalimu wetu wa michezo aliposikia kwamba mkimbiaji wake wa mwisho analishwa mseto, alishika kiuno. Hakunitoa kwenye timu, ila nafasi yangu ya mwisho alimpa Esta, msichana wa darasa la saba mwenye mapaja ya kubeba magunia, mimi akanirudisha kuwa wa pili. "Huyo anayekula uji, tumfiche katikati," alisema, na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilirudi nyumbani nikamwaga yote mbele ya mama na bibi. Bibi akamgeukia mama.

"Basi tusikilizane. Mtoto akilegea kule Kasulu, mafuta haya hayaingii tena kwenye nyumba ya mwanangu. Utapaka bawaba za mlango."

"Sawa, mama," mama alisema. "Na asipolegea?"

Bibi alijifanya anamfukuza kuku.

Kuanzia hapo nilikuwa na mzigo mkubwa kuliko kijiti. Nilimwona mama usiku ule akipanga chupa yake ya mafuta juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Kwa mara ya kwanza nikaogopa isije ikaondoka. Nilichukia kupakwa, lakini sikutaka mama ashindwe.

Tulikwenda Kasulu kwa lori la kukodi. Tulipofika hata meno yalikuwa mekundu. Mama alibaki kusimamia mitihani, akamkabidhi bibi, aliyekuwa anapanda basi kwenda kumwona kaka yake Kasulu, kazi ya kunipikia mseto na kunipaka mafuta. Bibi alikubali kwa masharti. "Ego, nitaupika. Lakini nisiambiwe niuonje."

Jioni shule iliyotukaribisha ilichinja mbuzi. Jamani, yule mbuzi! Mchuzi ulikuwa unaelea mawese, ugali umepangwa milima milima, na soda zinatoa jasho kwenye beseni. Mwalimu akapita akituhimiza tule, kesho kuna kazi. Esta alikuwa ameshamaliza sahani yake anaangalia ya jirani. Wakati huo huo bibi akatokea getini, kitenge kimefungwa kuzunguka bakuli la mseto, akaliweka mbele yangu kila mtu akiona.

Nilitamani ardhi ifunguke. Kisha nikawaza: mama yuko Kibondo, na bibi mwenyewe anauchukia mseto. Nani atanisema? Nikanyoosha mkono kwenye mfupa uliokuwa karibu. Haujafika, nikapigwa kofi la vidole.

"Nani amekwambia ule nyama?" bibi aliuliza.

"Bibi, si wewe ulisema mseto ni chakula cha wagonjwa?"

"Nilisema. Na bado nasema. Kula, mwana wanje, kula mwanangu."

Nikala ule mseto, machozi yakiutia chumvi ambayo bibi alikuwa ameisahau. Alfajiri alikuja tena, akanikwangua ulimi kwa kijiko cha kaka yake na kunipaka mafuta nyuma ya darasa. Mikono yake ilikuwa migumu, na alinipaka kama mtu anayesugua sufuria. Lakini hakuruka hata kidole.

Uwanjani Esta alikuja anatembea kama mama mjamzito. Alikuwa anacheua, anainama, anainuka, anacheua tena. Mwalimu alimtazama, akaitazama mistari, akanitazama mimi ninayeng'aa mafuta. "Zawadi," aliita kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge, "rudi mwisho. Esta, wewe ukimbie wa pili, utakavyoweza."

Esta alijitahidi, Mungu amlipe. Kijiti kilinifikia wasichana wawili wakiwa mbele yangu. Nikasikia baridi ya asubuhi ikiingia kifuani bila kugonga mahali, tumbo liko kimya, miguu inajua inakokwenda. Wa kwanza nilimpita kwenye kona. Wa pili nilimsikia anahema kabla sijamfikia, na pembeni nikasikia sauti ya kikongwe ikipaza, "Kaza! Kaza, mtoto wa Mama Zawadi!" Nikatanguliza kifua kwenye utepe. Nilishinda! Walinibeba juu juu, nikateleza mikononi mwao kwa mafuta, wakanibeba tena.

Leo mtu akiniuliza, sitadai kwamba mafuta ya ufuta ndiyo yaliyokimbia. Mbuzi wa Kasulu alinisaidia sana.

Kurudi nyumbani, bibi hakusimulia kitu. Aliniachia mimi niseme, na nilisema mpaka sauti ikakauka. Mama alisikiliza huku ameziba mdomo kwa kiganja. Asubuhi alipokuwa anampaka mdogo wangu, bibi akaja na kigoda chake kama kawaida. Akakaa. Akavua kandambili, akainyoosha miguu yake mbele ya mama, miguu iliyopasuka kwa kulima tangu utoto.

"Anza na kisigino," alisema.

Mama alipiga magoti akaanza. Alikuwa analia na kucheka, na bibi akamwambia aangalie asimwage.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza bibi kuhusu lile kofi. Angeweza kuninyamazia tu nile nyama, nishindwe, kesi iishie hapo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nilitaka mafuta yashindwe yenyewe," alisema. "Mama yako alikuwa hayupo. Neno lake angemtunzia nani kama si mimi?"

Utotoni nilidhani niliyeshinda Kasulu ni mimi. Sasa najua walishinda wawili ambao hawakukimbia, na hakuna aliyewavalisha medali.

Bibi alishatangulia. Kigoda chake bado kipo uani. Mvua zikikata, nikishamaliza kuwapaka watoto na vilio vyao, mama hukaa hapo, ananyoosha miguu, ananiambia, "Anza na kisigino."