Njiwa wa Abbasi Hawauziki

Ukitaka kununua njiwa kwa Abbasi wa Kasulu, mwaka ule wa sabini na nne, ulipaswa kwanza kueleza maisha yako. Bei haikuwa tatizo, na ukimsalimia vizuri aliipunguza mwenyewe. Tatizo lilikuwa maswali.

"Utamweka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani? Paka unaye?"

"Ninaye mmoja tu."

"Basi wewe hutafuti njiwa, unamtafutia paka kitoweo. Haya, tuseme paka umemfukuza. Maji atabadilisha nani?"

"Mke wangu."

"Umemwuliza?"

Wengi waliondoka wamenuna, wakavuka kwenda upande wa pili wa soko, kwa wauzaji wasiouliza kitu. Huko sungura walipangwa ndani ya debe kama viazi. Simbilisi walilaliana ndani ya gunia mpaka wa chini kabisa akasahau kama kuna jua. Njiwa walifungwa miguu kwa kamba za mgomba, wakaning'inizwa kwenye usukani wa baiskeli, vichwa chini, wakiitazama dunia ilivyopinduka. Ukiuliza mbona huyu amefumba macho, muuzaji anakujibu bila aibu, "Anasali." Akifa ukiwa njiani, hiyo ni bahati yako, biashara imeishia sokoni.

Abbasi alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia safi na kifua cha mbele kama cha wale njiwa wake. Babu yake alitoka Pangani na mzigo wa chumvi, akafika Uha, akaoa, akasahau kurudi. Mjukuu hakuona chumvi kuwa kazi ya heshima. Nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka sokoni, alijenga banda kwa mbao za masanduku ya sabuni, kila jozi ya njiwa na chumba chake. Maji yalibadilishwa asubuhi na alasiri. Majivu ya jikoni yalichekechwa na kunyunyizwa ili utitiri usipate makazi. Maganda ya konokono yalipondwa, kwa sababu njiwa bila kitu kigumu tumboni hasagi chakula. Mkewe, Mwamvua, alikuwa akiwaambia majirani: "Mimi nakunywa maji ya mtungi na wadudu wake. Wale wanachujiwa. Ningejua, ningeota manyoya mapema."

Sasa, utunzaji ule ulileta balaa lake. Sungura wa Abbasi ukimnunua, unaye. Simbilisi, unaye. Lakini njiwa, ukimfungulia tu mlango, anazunguka mara moja juu ya paa lako, anakuangalia vizuri, kisha anarudi Kasulu.

Na sisi watu wa huku tunaamini njiwa hakai kwenye nyumba ya ugomvi. Kwa hiyo mwenye njiwa aliyetoroka alikuwa na shida mbili. Ya kwanza, hana njiwa. Ya pili, akienda kumfuata anakiri hadharani kwamba nyumbani kwake hakukaliki. Abbasi hakusaidia. Alimrudishia mtu njiwa wake bila ubishi hata chembe, lakini kwa sauti ya mwadhini: "Jamani, hivi kiumbe huyu alipungukiwa nini kwako?" Soko zima linageuka. Mama mmoja wa Kumsenga alimwacha ndege wake moja kwa moja, akaenda zake Kibondo kwa basi huku amejifunika kanga mpaka machoni. Abbasi alifurahi wiki nzima. Kwake yeye, kila njiwa aliyerudi alikuwa ni cheti.

Halafu akaja Bazilio.

Bazilio alikuwa mwenyekiti wa kijiji kipya upande wa Muyama, mojawapo ya vile vilivyochipuka na Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini kama uyoga baada ya mvua, isipokuwa uyoga huota wenyewe. Nyumba zilisimama kwenye mstari, nyingine bado mbavu wazi. Wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja kuona jinsi watu walivyotulia, na Bazilio aliona kwamba hakuna kinachoonyesha utulivu kama njiwa juu ya paa. Akanunua jozi sita. Cha ajabu, alijibu maswali yote vizuri: paka hana, maji atabadilisha mwenyewe.

"Uwafungie ndani mpaka wazoee, Ndugu Mwenyekiti," Abbasi alimwambia. "Mwezi mzima, hata zaidi."

"Wageni wanakuja Jumamosi."

"Basi waambie wageni waje mwezi ujao."

"Ndugu Abbasi, wewe uza njiwa. Ratiba niachie mimi."

Jumamosi ikafika. Hotuba zikasomwa, ngoma ikachezwa, kisha Bazilio akasimama mbele ya matenga mawili na kupaza sauti: "Ndugu wageni! Hata ndege wa angani wameamua kuhamia kwetu, kwa hiari yao wenyewe!" Akafungua. Njiwa wakapanda kwa kishindo kizuri, wakazunguka juu ya bendera, juu ya nyumba zilizopangwa, juu ya vipara vya wageni, kisha wote kwa pamoja wakageuka na kushika njia ya Kasulu. Watu waliendelea kupiga makofi, maana hakuna aliyejua kama ile nayo ilikuwa ndani ya ratiba. Mgeni mmoja akauliza, "Wanarudi saa ngapi?" Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa: "Ndiyo wanarudi, baba!" Kicheko kilichofuata hakikuwa na adabu hata kidogo.

Kufikia kesho yake kijiji chote kilikuwa kinajua kwamba nyumba ya mwenyekiti ina ugomvi. Mkewe, Odilia, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, alivumilia siku mbili. Ya tatu akarusha mwiko. "Wanasema tunagombana," alisema. "Basi tugombane, wasiwe waongo."

Bazilio akapanda baiskeli mpaka kwa Katibu Kata.

Katibu aliitwa Ildefonce, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku, mwenye tumbo linalomsumbua na hamu kubwa ya kumaliza kila shauri kabla ya chakula cha mchana. Abbasi akaitwa, na watu wakajaa ofisini mpaka madirishani.

"Huyu mtu amewaroga njiwa," Bazilio alisema.

"Uchawi haumo kwenye kazi yangu, Ndugu Mwenyekiti. Sema wizi."

"Basi ni wizi. Anauza njiwa, anawaita kwa dawa, anawauza tena."

"Sijamuuza hata mmoja!" Abbasi akaruka. "Wako nyumbani, wanakula. Njoo uwachukue hata sasa hivi."

"Niwachukue ili warudi tena?"

Katibu akanyoosha mkono. "Ndugu Abbasi, jibu kwa kifupi. Kwa nini wanarudi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hajui. Abbasi akavuta pumzi, kifua kikajaa. "Ndugu Katibu, kiumbe yeyote anajua mahali anapotunzwa. Pale anaporudi, ndipo kwake."

"Ego, ndiyo!" mtu akaitikia kutoka dirishani, na wengine wakaguna ule mguno mrefu wa Kiha unaotoka chini ya tumbo. Katibu aliinua macho. Jambo lilikuwa limeanza kuwahusu watu wengi kuliko njiwa kumi na wawili, na yeye alikuwa hajala.

"Banda livunjwe," alisema. "Ndege asipokuwa na pa kurudi, atarudi wapi?"

Dawa hiyo ilikuwa imeshajaribiwa mwaka uleule kwa viumbe wasio na mabawa, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Katibu akaongeza kwamba banda likionekana limesimama mwisho wa mwezi ujao, leseni ya Abbasi nayo itaondoka.

Tulimwona Abbasi akivua kofia na kuivaa tena. Banda lile lilikuwa miaka yake kumi na kitu. Wengine walisema alilijenga kabla hajamjengea Mwamvua jiko. Mwishowe akasema, polepole:

"Nipe nafasi, Ndugu Katibu. Niende nao mwenyewe. Nitakaa kule kwa Mwenyekiti, niwalishe kwa mkono wangu huuhuu, niwape maji yaleyale. Mwezi ukiisha nifungue mlango. Wakiniacha wakaja Kasulu, banda nitalivunja mimi."

"Utajitesa bure," Bazilio akasema.

"Hawawezi kuniacha mimi."

Katibu alisema, "Haya," akaenda kula.

Basi Abbasi akafunga safari na matenga yake, na maganda ya konokono ndani ya kopo. Kwa Bazilio alijenga banda jipya kwa matete na mbao za kuokoteza, akaweka wavu mbele ili njiwa waone anga na kuzoea mapaa ya kijiji. Siku za mwanzo wenyeji wake hawakumsemesha. Odilia alimwekea ugali wa muhogo na maharage, akaondoka. Lakini ni vigumu kununa mbele ya mtu anayechekecha majivu yako kila asubuhi huku akiwaimbia ndege. Odilia akaanza kumletea majivu mwenyewe. Bazilio akaanza kusogea alasiri, anasimama mbali, anasogea tena, mpaka siku moja akajikuta ameshika kopo la maji.

"Huyu mbona anainama hivi?"

"Anamsalimia mkewe."

"Kila saa?"

"Kila saa. Wewe umemsalimia wako leo?"

Bazilio akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba ni mlalamikaji, akaacha.

Jozi moja ilitaga. Zingine zilikula, zikanenepa, zikatua mabegani mwa Abbasi alipoingia. Alimwambia kila mpita njia: mnaona? Si banda, ni mkono.

Siku ya kufungua ilipokaribia, aliyekosa usingizi alikuwa Bazilio. Alikuja na mkasi wa Odilia. "Sikiliza, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tuwapunguze manyoya ya bawa moja. Wataruka mpaka paani tu. Katibu akija, wapo. Banda lako linapona, na mimi watu wataacha kunisema."

Abbasi aliuchukua ule mkasi. Aliufungua, akaufumba. Ilikuwa njia rahisi na hakuna ambaye angejua. Muuzaji yeyote wa upande wa pili wa soko angeshamaliza kazi na kunywa chai. Akaurudisha.

"Nikiwakata," alisema, "sitajua kamwe kama wangekaa."

Asubuhi alichuja maji, akawapa mtama kiganjani, mmoja mmoja, akiwaita kwa majina ambayo hakupenda watu wayasikie. Kisha akaondoa wavu na kusimama katikati ya uwanja, mkono umenyooshwa na mtama juu yake. Watu walikuwa wamekuja wengi, bila hotuba. Njiwa walitoka, wakapanda. Walizunguka mara moja. Walipita chini, karibu kabisa na kofia yake, akaita, "Hee, hee," kama alivyowaita mwezi mzima. Wakanyanyuka juu ya mapaa, wakanyooka Kasulu, na anga ikabaki tupu.

Abbasi hakuushusha mkono. Mtama ulianza kumwagika vidoleni.

"Mimi niko hapa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtu aliyekosea njia. "Mbona mimi niko hapa?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bazilio. Hakikuwa kicheko cha kulipiza. Kilimtoka tu, mpaka akashika magoti. "Ndugu Abbasi! Kumbe na kwako kuna ugomvi!" Odilia akafuata, kisha uwanja mzima, na hatimaye Abbasi mwenyewe, kwanza kwa shida, halafu mpaka machozi.

Walipotulia akasema, "Basi nakwenda kuvunja. Niliahidi."

Bazilio alitazama ndani ya banda la matete. Ile jozi yenye mayai ilikuwa imebaki, jike amelala kimya, dume mlangoni anatazama umati kwa dharau.

"Hawa ni njiwa au si njiwa?"

"Wamebaki kwa sababu ya mayai tu, Mwenyekiti. Si kwa mapenzi."

"Sikukuuliza habari za mapenzi. Katibu akiuliza, nitasema njiwa wapo, na shauri nimelifuta. Na hawa watakaoanguliwa hapa, hawaijui Kasulu." Akamkaribia. "Lakini kuna jambo moja utanifanyia. Utasimama pale sokoni, kwa sauti yako ileile, uwaambie watu kwamba walikukimbia na wewe. Wakiwa wameshiba. Kutoka mkononi."

Abbasi alilipima jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyoupima mkasi.

"Nitawaambia," alisema.

Njiani hakuimba. Alisukuma baiskeli hata penye mteremko. Alimkumbuka yule mama wa Kumsenga na kanga yake, na fundi cherehani mmoja ambaye njiwa wake nao walirudi, akaacha kabisa kupita sokoni, na wengine wengi waliobadilisha maji na kufukuza paka na bado wakaenda nyumbani na aibu aliyowafungia yeye. Maji yao huenda yalikuwa safi tu.

Alifika Kasulu jua limeshapinda. Njiwa kumi walikuwa mbele ya banda lao la masanduku ya sabuni, wanaoga ndani ya sinia ambalo halijasafishwa tangu aondoke, wakipiga mabawa kwa raha. Mwamvua alikuwa anachambua mchele kizingitini.

"Wamefika saa ngapi?" Abbasi akauliza.

"Kabla sijanywa chai."

Alisimama pale na kopo lake la maganda. "Walikuwaje?"

"Wazima," Mwamvua akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Hawakukuulizia."